Jinsi Lugha za Majirani Zinavyofanana

Mhariri wa gazeti hili aliponiandikia kuniomba makala kwa kurasa za Kiswahili, aliniambia nichague jambo lolote litakalowafaa wanafunzi. Nimechagua jambo lililonitia aibu nilipokuwa mvulana wa miaka kumi na minne, nikilala katika mabweni hayo hayo mnamolala ninyi sasa. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini lugha za watu wanaokaa jirani huanza kufanana, hata kama si za ukoo mmoja.

Kwanza nisimulie aibu yenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa hapa Uganda, dereva wa lori, na mama yangu alizaliwa Bukavu, katika Kongo, kando ya Ziwa Kivu. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili cha mama. Nilipofika shuleni niliona fahari, maana wenzangu wengi hawakujua Kiswahili hata kidogo, nami nilidhani nitakuwa wa kwanza darasani. Tukapewa insha ya kwanza, "Nyumbani kwetu," nami nikaandika bila wasiwasi wowote: "Batoto banacheza mu nyumba." Mwalimu wetu, mtu wa pwani, mwema sana lakini mwenye ulimi mkali, aliisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, akauliza, "Hii ni lugha ya nchi gani?" Wenzangu walicheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku ile jina langu likawa "Mu Nyumba," na halikunitoka hata nikamaliza shule. Wazee wa mwaka wangu wakisoma haya watacheka tena, nami nawapa ruhusa.

Kucheka si kitu. Kibaya ni kile nilichokifanya mimi mwenyewe. Siku ya wazazi kuja kututazama, mama alikuja na kikapu cha mkate na karanga, akaniita mbele ya rafiki zangu na kuanza kuniuliza habari kwa Kiswahili chake. Mimi nikamjibu kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Akaniangalia, akanyamaza, akanipa kikapu. Sikusema naye neno la Kiswahili siku ile mpaka alipopanda basi.

Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma habari za lugha katika chuo kikuu, niligundua kwamba sentensi yangu ile haikuwa uchafu. Ilikuwa mfano mzuri wa jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa karibu miaka mia mbili.

Lugha mbili zaweza kufanana kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ukoo. Mswahili husema "mtu," Mganda husema "omuntu," Mnyarwanda husema "umuntu". Si kwamba mmoja amemwiga mwenzake, bali wote wamerithi neno hilo kwa babu mmoja, kama ndugu wanavyorithi pua ya baba yao. Njia ya pili ni kukopa maneno, na hiyo kila mtu huiona. Waswahili walichukua "kitabu" kwa Waarabu na "meza" kwa Wareno. Waganda nao wakachukua "ekitabo" na "emmeeza" kwa Waswahili. Linalochekesha ni kwamba Mwarabu akisema "kitab," ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe. Mswahili akaidhania kuwa ni ile "ki" ya "kiti" na "kisu," akaunda wingi, "vitabu." Mganda naye akasema "ebitabo," na Mnyarwanda "ibitabo." Neno la kigeni lilikwisha kuvikwa nguo ya kwetu hata ugeni wake haukuonekana tena.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa haionekani upesi. Watu wanaokaa pamoja muda mrefu waweza kuacha maneno yao kama yalivyo, kila kabila na maneno yake, lakini jinsi ya kuyapanga, yaani umbo la sentensi, ikawa moja kwao wote.

Mfano ulio maarufu watoka India, katika kijiji kiitwacho Kupwar, kusini mwa jimbo la Maharashtra. Wataalamu wawili, Gumperz na Wilson, waliandika habari zake mwaka 1971. Kijiji kilikuwa na watu elfu tatu hivi, nao walisema lugha nne. Wajaini, wenye mashamba, walisema Kikannada. Waislamu walisema Kiurdu. Wengine walisema Kimarathi. Na walikuwako pia wasokota kamba waliosema Kitelugu. Kiurdu na Kimarathi ni za ukoo mmoja na Kiajemi na hata Kiingereza. Kikannada ni cha ukoo mwingine kabisa, uitwao Kidravidi. Lugha hizo zilikuwa zimekaa pamoja kijijini kwa karne kadhaa, na karibu kila mwanamume alijua mbili au tatu, akizitumia shambani, sokoni na barazani.

Sasa tazameni lililotokea. Mtu wa Kupwar akitaka kusema kwamba amekata mboga kidogo akazileta, kwa Kiurdu chake atasema: mboga, kidogo, kwisha-kata, kwisha-chukua, nimekuja. Kwa Kimarathi chake: mboga, kidogo, kwisha-kata, kwisha-chukua, nimekuja. Kwa Kikannada chake: mboga, kidogo, kwisha-kata, kwisha-chukua, nimekuja. Maneno mengi ni mbalimbali, na mgeni akisikia atajua hii ni lugha gani na ile ni lugha gani. Lakini mpango ni ule ule, kipande kwa kipande. Mtu huyo hana haja ya kufikiri upya anapotoka lugha hii kwenda ile. Huchomoa maneno haya na kuchomeka yale mahali pake, kama fundi abadilishaye matofali bila kubomoa nyumba.

Mtauliza, ikiwa wamefika hapo, mbona hawakutupa lugha tatu wakabaki na moja? Jibu ndilo kiini cha jambo lote. Nyumbani kila jamii ilikaa mbali na nyingine. Hawakuoana, na dini zao zilikuwa mbalimbali. Lugha ya nyumbani ilikuwa alama ya kumjulisha mtu kwamba huyu ni wetu na yule si wetu, na alama hiyo ilikuwa katika maneno. Maneno ndiyo bendera. Mtu husikia neno la kigeni mara moja na kulikataa kama akitaka. Lakini umbo la sentensi halisikiki. Hakuna ajuaye hasa kwa nini ametanguliza hiki na kufuatisha kile. Basi watu hulinda mlango wa mbele, na jirani akaingia kwa mlango wa uani.

Katika Ulaya jambo hilo lilionekana zamani zaidi. Mwaka 1829 Jernej Kopitar, Mslovenia aliyefanya kazi katika maktaba ya mfalme mkuu mjini Vienna, aliandika juu ya nchi za Balkani, yaani kusini-mashariki mwa Ulaya, kwamba huko kuna umbo moja la lugha lililojazwa maneno ya namna tatu. Alikuwa na maana ya Kibulgaria, Kiromania na Kialbania. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1928, mtaalamu wa Kirusi aitwaye Trubetzkoy alisimama katika mkutano wa wataalamu wa lugha mjini The Hague, akalipa jambo hilo jina la Kijerumani, "Sprachbund." Kwa Kiswahili naweza kusema ni ushirika wa lugha, kwa kuulinganisha na ukoo wa lugha. Ukoo mtu huzaliwa ndani yake. Ushirika huingia kwa kukaa na watu.

Nitatoa mifano miwili tu. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, ndugu wa Kifaransa na Kiitalia. Mfaransa akitaka kusema "yule mbwa-mwitu" husema "le loup," na Mwitalia "il lupo," kiashirio mbele na jina nyuma. Mromania husema "lupul," kiashirio kikiwa mkiani, kimegandana na jina. Amekipata wapi kitendo hicho, na ndugu zake wote hawakifanyi? Tazameni majirani. Mbulgaria husema "kniga" kwa kitabu, na "knigata" kwa kile kitabu. Mwalbania husema "mal" kwa mlima, na "mali" kwa ule mlima (msidhani ni mali yetu sisi). Tena Kibulgaria ni ndugu wa Kirusi, na Kirusi hakina kiashirio cha namna hiyo kabisa, mbele wala nyuma. Basi watoto wa familia tatu, kila mmoja amewaacha ndugu zake akafuata majirani.

Mfano wa pili ni wa wakati ujao. Mgriki, Mbulgaria, Mwalbania na Mromania wote wameunda wakati ujao kutokana na kitenzi chenye maana ya "kutaka." Mgriki wa sasa huweka "tha" mbele ya kitenzi, na hiyo "tha" ni mabaki ya kusema "nataka kwamba." Mbulgaria huweka "šte," nayo ni mabaki ya kutaka vilevile.

Hapa msomaji mwerevu atanikamata. Atasema: hata sisi Waswahili twasema "nitakwenda," na hiyo "ta" yatoka katika "taka", je, Waswahili walikuwa majirani wa Wabulgaria? La, hasha. Na Mwingereza naye na "will" yake ni vilevile. Ndiyo maana nawaonya kwamba mfano mmoja wa kufanana si ushahidi. Watu wa nchi mbalimbali waweza kuvumbua njia moja bila kuonana, kama wavuvi wa maziwa mawili walivyovumbua nyavu. Ushahidi wa ujirani ni pale ambapo mambo mengi ya namna hii yanakusanyika katika nchi moja, kati ya lugha zilizokaa bega kwa bega, na ndugu zao walio mbali hawana. Balkani walikaa hivyo: wachungaji walipanda na kushuka milima na mifugo yao, wafanya biashara waliongea lugha tatu katika soko moja, na wote walikaa chini ya dola moja ya Waturuki kwa karne nyingi, bila mipaka ya kuwatenga.

Tuna mfano Afrika ya Mashariki ambao kwangu ni wa ajabu kupita yote. Katika milima ya Usambara, Tanzania, wako Wambugu. Wana namna mbili za kusema. Namna moja yafanana sana na Kipare, lugha ya Kibantu. Ya pili, waiitayo Kima'a, ina maneno mengi ya asili ya Kikushi, ukoo wa lugha kama Kiiraqw, na mengine ya Kimaasai. Lakini ngeli zake, viambishi vyake na mpango wa vitenzi vyake ni wa Kibantu, sawasawa na ile namna ya kwanza. Mtaalamu wa Kiholanzi, Maarten Mous, aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 2003, akaeleza kwamba watu hawa walishika maneno yale kwa makusudi, ili wasimezwe na majirani wao. Waonekane kuwa ni watu wengine. Ni Kupwar tena, lakini katika kabila moja: bendera imeshikwa kwa mikono miwili, na nyumba nzima imekuwa ya jirani.

Sasa nirudi Bukavu, na sentensi yangu. Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki katika karne ya kumi na tisa pamoja na misafara ya wafanya biashara, kama ile ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Wenyeji walijifunza Kiswahili njiani na sokoni, wala hapakuwa na mwalimu wa kuwasahihisha. Baadaye Wabelgiji wakakitumia kazini, na miji ikakua ikiwa na watu wa makabila mengi. Watu hao walichukua maneno ya Kiswahili, lakini waliyapanga katika umbo walilokuwa nalo vichwani. Katika lugha za huko, na katika Kiganda na Kinyarwanda pia, wingi wa watu ni "ba," si "wa." Mahali pa ndani huonyeshwa kwa "mu" mbele ya jina, si kwa "ni" mwishoni. Na kitu kidogo ni "ka," ndiyo maana Kongo husema "katoto" ambapo pwani husema "kitoto." Angalieni basi: katika "Batoto banacheza mu nyumba," mashina yote ni ya Kiswahili safi. Toto, cheza, nyumba. Hakuna hata moja lililokopwa. Kilichobadilika ni yale maungio madogo, na yamebadilika kufuata majirani.

Jambo hili nilipolifahamu nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu nilikumbuka ni nani waliocheka. Nusu ya darasa letu walikuwa Waganda. Na Mganda akitaka kusema kwamba watoto wamo nyumbani husema, "Abaana bali mu nnyumba." Nao wa Kigezi waliotoka mpakani walisema Kinyarwanda nyumbani kwao, "Abana bari mu nzu." Walinicheka kwa sentensi ambayo kila mmoja wao huisema kwa mama yake, ila kwa maneno mengine! Wala hawakuiona. Walisikia maneno ya Kiswahili tu, wakasubiri mwalimu awaambie kama ni sawa au si sawa.

Na ile "mu" yenyewe si mgeni hata pwani. Mswahili wa pwani husema "nyumbani mna watoto," na "nyumbani mwetu," na "mle." Hiyo "m" yatoka wapi? Ni "mu" ile ile ya kale, iliyopoteza nafasi yake mbele ya jina ikabaki imejificha nyuma. Hata "ba" ni umbo la zamani kuliko "wa." Kwa hiyo pwani ndiko kulikobadilika kwanza, na bara wakairudisha sura ya kale kwa msaada wa majirani, bila kujua kwamba wanairudisha.

Mwalimu wetu naye, Mungu amrehemu, aliponikemea alisema hivi, nakumbuka vizuri: "Unajua maneno, lakini hujui lugha." Hiyo "lakini" ni ya Kiarabu. Na "au," na "wala," na "bila," na "kabla," na "baada." Haya si majina ya vitu kama meza na kitabu. Ni misumari ya kuunganishia sentensi, na misumari haikopwi ila na watu waliokaa pamoja sana, wakaoana, wakaswali pamoja na kufanya biashara kwa vizazi vingi. Kiswahili cha pwani ambacho sisi sote hukichukua kuwa kipimo cha usafi ni kazi ya ujirani sawasawa na kile cha Bukavu. Tofauti ni majirani tu.

Wanafunzi msinielewe vibaya. Mtihani una Kiswahili chake, nacho ni Kiswahili sanifu, na anayeandika "batoto" katika karatasi ya mtihani atakosa alama, kama nilivyokosa mimi. Mtu akitaka kusomwa kutoka Lamu mpaka Lubumbashi hana budi kukijua vizuri. Mimi nilikijua kwa bidii nyingi, na sasa ndicho kinachonipa chakula. Nasema tu kwamba mwalimu angaliweza kuniambia, "Hivi ndivyo wasemavyo Bukavu, na hivi ndivyo tuandikavyo hapa," ikatosha. Dakika moja tu.

Kabla ya kuipeleka makala hii kwa Mhariri nilimsomea mama kwa simu, maana sikutaka kuandika habari zake bila yeye kujua. Sasa ni mzee, naye hukaa na dada yangu. Sehemu ya Balkani ilimchosha, akaniambia niiruke. Ile ya kikapu aliisikiliza mpaka mwisho, asiseme kitu. Kisha akacheka, akasema kwamba yeye naye, alipokuwa msichana, alipelekwa kijijini kwa bibi yake mzaa mama, na mabinti wa huko wakamcheka mwezi mzima kwa sababu ya Kirega chake cha mjini, kilichojaa Kiswahili. Akawa haongei ila na bibi yake, tena usiku. Miaka yote ile hakuwahi kunisimulia.